Kwenda Unguja kwa Mtu wa Ziwa

Jioni ya leo nataka kuzungumza nanyi juu ya safari ya kwenda Unguja. Najua wako watakaouliza, Mwalimu huyu wa Kamunyonge ana habari gani za bahari? Sisi watu wa Musoma twazaliwa tukisikia mawimbi ya ziwa, na wengi wetu tumevuka kwa kivuko pale Kisorya kwenda Ukerewe tukiwa na kuku na magunia, wala hatukuulizwa neno. Basi hilo ndilo lililoniponza. Naliidhani Unguja kuwa Ukerewe iliyo mbali.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mwashi. Alikwenda Unguja kutafuta kazi, akaipata, akaoa huko, akaingia katika dini ya Kiislamu, akakaa miaka kumi na mmoja. Siku moja shemeji yangu akapiga simu akasema, ‘Shemeji, njoo upesi, nduguyo hajiwezi.’ Nikaomba ruhusa shuleni, nikatia nguo mbili mfukoni, nikapanda basi usiku huohuo. Nalifika Dar es Salaam nimechoka, nikaenda moja kwa moja mpaka penye kukata tikiti za boti. Karani akaniuliza kitambulisho. Nikatafuta mfuko huu na huu, sikukiona. Nalikiacha nyumbani juu ya kabati. Nikamwambia, ‘Mimi ni Mtanzania, mwalimu wa serikali, naenda katika nchi yangu.’ Akanijibu kwa upole kwamba hakatai, lakini asiye na kitambulisho hasafiri. Siku nzima ikapita hata ndugu mmoja aliponiletea karatasi zangu kwa basi la pili. Nalivuka kesho yake. Kaka yangu alikuwa amekwisha fariki alfajiri, na kabla ya jua kuchwa alikuwa amekwisha zikwa.

Kwetu Mara maiti hungoja jamaa. Wa Mwanza hungojewa, wa Nairobi hungojewa. Kwa Waislamu sivyo. Kumstiri maiti mapema ni kumheshimu, wala si kuwadharau jamaa walio mbali. Mwenye ndugu huko na alijue jambo hili tangu leo, asije akafika na hasira kinywani kama nilivyofika mimi.

Sasa, kwa nini mtu wa Tanzania aulizwe karatasi akienda Zanzibar? Yafaa wanafunzi waelewe. Zanzibar, maana yake Unguja na Pemba na visiwa vidogo vilivyo kando yake, ilikuwa nchi peke yake. Ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na mapinduzi yakatokea tarehe 12 Januari 1964. Tarehe 22 Aprili mwaka huohuo Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, jirani yetu, alitia sahihi Mapatano ya Muungano pamoja na Sheikh Abeid Amani Karume, na tarehe 26 Aprili nchi mbili zikawa moja. Lakini Zanzibar haikuacha kujitawala katika mambo yake ya ndani. Ina Rais wake, ina Baraza la Wawakilishi lake, ina Katiba yake ya mwaka 1984, ina mahakama zake, na tangu mwaka 2005 ina bendera yake. Ulinzi, uraia, polisi, fedha na mambo ya nchi za nje ni ya Muungano. Basi shilingi yako ni ileile, hapana haja ya kubadili. Hata mtihani wa kidato cha nne ni uleule. Bali ardhi, kilimo, afya na utalii ni shauri lao wenyewe. Ukerewe ni wilaya, mkuu wake huletwa. Unguja ni nyumba yenye mwenyewe, na aingiaye hupiga hodi.

Basi jambo la kwanza ni kitambulisho, na kiwe mfukoni mwako, si katika begi lililo chini ya basi. La pili ni boti. Bandarini Dar es Salaam watakujia vijana wengi, kila mmoja akisema kwamba yeye ndiye mwenye tikiti ya bei nafuu. Usimpe mtu fedha njiani. Ingia katika ofisi, kata tikiti mbele ya karani, soma jina lako na saa ya kuondoka. Boti ziendazo kasi huchukua muda wa kama saa mbili. Ziko njia nyingine zilizo rahisi kwa bei, katika majahazi yanayochukua mizigo. Hizo sikushauri hata kidogo.

Nalisema hayo si kwa kuogopa maji. Sisi wa ziwani tumekwisha soma somo hilo kwa machozi. Nani hapa asiyekumbuka MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996? Nani amesahau MV Nyerere, kilichopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018? Bahari nayo ina yake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na watu zaidi ya mia mbili wakafa. Ilikuwa imechukua watu kupita kiasi. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai, ikazama MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam, karibu na kisiwa cha Chumbe. Ukiona chombo kimejaa hata watu wamesimama penye ngazi, shuka. Tikiti yako ikipotea, imepotea tikiti. Na ukiisha keti, tazama kwanza jaketi za kuokolea ziko wapi, ndipo ufungue chakula chako.

Wakati wa kusi, hasa mwezi wa Juni na Julai, bahari huchafuka, na hata mvuvi wa Kamunyonge aweza kutapika. Mimi nalitapika. Keti nyuma, mahali pa chini, utazame mbali mahali mbingu na maji vikutanapo, wala usisome kitabu.

Ukiteremka bandarini Unguja utaona tena watu wa serikali. Toa kitambulisho, jibu unaloulizwa, pita. Kama utakaa kwa jamaa, mwenyeji wako atakwenda kumwarifu sheha. Sheha ni mkuu wa shehia, kama alivyo kwetu mwenyekiti wa mtaa, na hupenda kujua ni nani alalaye katika shehia yake. Usilichukie jambo hilo. Sheha wa mahali alipokaa kaka yangu alikuwa mzee mwenye kanzu iliyofuliwa sana. Aliponisikia nikinung’unika kwamba hawakuningoja, alinishika mkono akanipeleka kaburini, akasimama kando, akaniacha. Tulipokuwa tukirudi ndipo aliposema, ‘Mwalimu, sisi tulikuwa jamaa zake mpaka ulipofika.’ Sikuwa na jibu.

Nitaje sasa mambo ya adabu, kwa maana hapo watu wetu hukosea bila kukusudia. Watu wa Zanzibar karibu wote ni Waislamu. Mwanamke na avae nguo ya kufunika mabega na magoti, na kanga moja ndani ya mfuko haina uzito. Mwanamume asitembee mjini kifua wazi, hata kama amewaona Wazungu wakifanya hivyo. Kosa la mgeni wa Ulaya halikupi ruhusa wewe. Vua viatu mlangoni. Toa na pokea kwa mkono wa kulia. Usimpige mtu picha kabla ya kumwomba, na mwanamke zaidi. Katika mwezi wa Ramadhani usile, usinywe, usivute sigara njiani mchana; wako waliokamatwa kwa ajili hiyo. Mwezi huo hufuata mwandamo, hivyo kila mwaka hutangulia kwa siku kama kumi na moja. Uulize kabla ya kupanga safari.

Juu ya lugha, nina neno la kuwachekesha. Mimi nafundisha Kiswahili. Nawaambia wanafunzi kila siku kwamba Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na ni kweli. Nikaenda sokoni nikiwa na fahari yangu, nikaomba nyanya na viazi. Mama mmoja akaniuliza, ‘Wataka tungule na mbatata?’ Watoto wakacheka. Huko shule ni skuli. Sikilizeni kwanza, msemeshe baadaye, na salamu isiwe fupi. Mtu wa Unguja hakuulizi haja yako kabla hamjajuliana hali. Sisi wa Mara husema neno letu wazi kwa sauti ya juu, nao hudhani twagombana.

Jambo ambalo mtu wa ziwa halijui kabisa ni kujaa na kupwa kwa maji. Ziwa letu hukaa mahali pake. Bahari hupanda na kushuka mara mbili kila siku na usiku wake, na mwezi uandamapo au ukiwa mpevu, huja bamvua, maji yakaenda mbali sana na kurudi kwa nguvu. Shemeji yangu ana dada yake huko Jambiani, upande wa mashariki, alimaye mwani, tukaenda kumwamkia. Asubuhi nalikuta mchanga mtupu, na wanawake wameinama mbali penye vigingi na kamba zao. Nikatembea nikiokota makombe, nikipendezwa kama mtoto. Nikasikia yule dada akiita kwa nguvu. Nikageuka: maji yalikuwa yamekwisha pita nyuma yangu katika bonde dogo la mchanga, nami nimesimama kama juu ya kisiwa. Nalirudi maji yakiwa kifuani. Najua kuogelea, lakini mkondo ule haukuwa wa ziwani. Waulize wenyeji saa ya maji kabla hujatia mguu, na vaa viatu, kwa maana kuna wanyama wenye miiba mirefu myeusi ambao hukatikia ndani ya nyayo.

Mwenye nafasi na atembee Mji Mkongwe, akaone kanisa la Mkunazini lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Jioni Forodhani kuna vyakula vingi. Uliza bei kabla ya kula, si baada.

Na wakati wa kurudi, jihadhari na mizigo. Vitu vilivyotoka nchi za nje, kama televisheni, vyaweza kutozwa ushuru bandarini Dar es Salaam, ingawa umevinunua dukani na kulipa. Chukua risiti, na uwaulize watu wa ushuru kabla ya kununua. Karafuu za kutia katika chai, pakiti moja au mbili, hazina neno. Lakini mtu akikushawishi kuchukua gunia, kimbia: karafuu za Zanzibar hununuliwa na shirika la serikali, na kuzitorosha ni magendo.

Mimi nalirudi na pakiti moja ya karafuu aliyonipa shemeji kwa ajili ya mama, na mfuko mmoja wa turubai. Mtu wa ushuru akanifungulisha. Ndani mlikuwa na mwiko na timazi na pima maji, vyote vina chokaa kavu. Akauliza, ‘Umevinunua wapi?’ Nikamwambia ni vya marehemu kaka yangu. Akavirudisha kimoja kimoja, akaufunga mfuko mwenyewe, akanipisha.

Kwaherini.