Kabla ya Kuuza Shamba, Pima Afya

 

Je, mtu wa miaka 40, mwalimu au mchuma majani chai, anaweza kusomea urubani? Ndiyo, anaweza. Leseni ya kurusha ndege kwa malipo hutolewa kuanzia miaka 18, na hakuna umri wa juu wa kuanza masomo. Ila katika ndege za abiria za kimataifa, rubani hapiti miaka 65. Kwa hivyo anayeanza akiwa na miaka 40 ana muda, lakini si mwingi.

Masomo haya, kama yale ya Uwanja wa Wilson, Nairobi, ni ghali. Mwanafunzi huhitaji saa 150 hadi 200 za kuruka, na kila saa ina gharama yake. Jamaa wengine huuza shamba. Mama, usikubali shamba liuzwe kabla ya mwanafunzi kupimwa afya!

Rubani wa kazi lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na KCAA. Daktari huyo hupima macho, masikio, presha, moyo na mkojo. Miwani haikuzuii, mradi unaona vizuri ukiivaa. Lakini asiyetofautisha rangi nyekundu na kijani anaweza kukataliwa, na anayejidunga insulini kwa kawaida hunyimwa cheti. Cheti chenyewe kwa kawaida hufanywa upya kila mwaka, na baada ya miaka 60, kila miezi sita.

Presha na sukari huingia mwilini polepole, bila maumivu. Mtu hujiona mzima kumbe mishipa inaumia. Kwa hivyo, hata kama huna haja na ndege, ukifika miaka 40 fanya hivi:

1. Pimwa presha na sukari katika kituo cha afya kilicho karibu nawe.
2. Punguza chumvi, mafuta na sukari kwenye chai.
3. Acha sigara na pombe.
4. Ukipewa dawa, usiziache kwa sababu unajisikia nafuu.

Ndoto haina umri, lakini mwili una umri. Utunze.