Chumba cha Mgeni
(Mazungumzo ya redioni. Masomo: 2 Wafalme 4:8–10; Isaya 5:8)

 

Leo tungependa kuwasimulia habari ya reli. Wengi wenu mnaijua stesheni ya Kipkelion, ambayo zamani iliitwa Lumbwa, kwa jina ambalo wageni waliwapa Wakipsigis. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita hapo ikishuka kutoka milima ya Mau, nayo ikafika Kisumu mwaka 1901. Katika nchi hiyo mabonde ni mengi, na wajenzi waliyavuka kwa madaraja ya chuma 27 yaliyotengenezwa Marekani.

Lakini reli tunayotaka kuisema hasa si hiyo kubwa. Ni reli ndogo tuliyoijenga nyumbani pamoja na watoto wetu.

Ilianza wakati wa likizo moja ya mvua. Kijana wetu wa miaka 13 alichukua ubao wa plaiwudi, futi 8 kwa futi 4, akasema atajenga Kipkelion juu yake. Kipimo chake kilikuwa rahisi: mita moja ya kweli iwe sentimita moja. Kwa kuwa reli hiyo ya zamani ina upana wa mita moja, yake ilikuwa na upana wa sentimita moja. Nyaya zilikuwa reli, na njiti za kiberiti zilikuwa mataruma. Michai ilikuwa vumbi la mbao lililotiwa rangi ya kijani, likapandwa mistari kwa mistari kwa gundi. Kulikuwa na kibanda cha kupimia majani, na ndani yake mizani ndogo kama punje ya hindi. Mota ya redio kaseti iliyoharibika, pamoja na betri za tochi, iliivuta injini.

Sisi tulianza kwa kutazama tu. Baada ya wiki moja tulikuwa tumepiga magoti sakafuni, tukikata bati.

Kisha tukataka daraja. Tulitaka liwe na kimo cha sentimita 10, na treni ipande mpaka juu yake. Ndipo tukajifunza kwamba treni haipandi kama mbuzi. Tulipoinua reli sentimita 4 kwa kila mita, magurudumu yaliteleza. Tulipoipunguza hadi sentimita 2, injini ilipanda vizuri. Basi fanyeni hesabu: kupanda sentimita 10 kwa mwendo huo kunahitaji mita 5, na ubao wetu haukufika hata mita mbili na nusu. Ilitupasa kupanua.

Nyumba yetu ni ya mbao. Upande wa pili wa ukuta kilikuwako chumba kidogo chenye kitanda kimoja. Watoto hukiita chumba cha Kogo, yaani nyanya yao, kwa sababu mama yetu hulala humo ajapo kutoka Bomet. Tulisema moyoni, “Huja mara chache.” Tukatoboa ukuta, tukakifungua kitanda na kukiweka darini, na reli ikapita. Daraja likasimama mahali pale pale palipokuwa mto wake wa kulalia. Kijana alilijenga kwa muda wa wiki mbili, na lilikuwa zuri kweli.

Mwezi uliofuata mama alikuja kutibiwa macho. Daktari alikuwa amempangia siku mbili, Jumanne na Ijumaa. Tulimtandikia kwenye kochi la sebuleni. Hakunung'unika. Alikaa karibu na ile reli, akaigusa polepole kwa vidole kwa sababu hakuona vizuri, akauliza hiki ni nini na hiki ni nini. Mwishowe akasema, “Mwanangu, stesheni yenu ni nzuri. Lakini anayeshuka hapa, atalala wapi?”

Tulicheka. Tulidhani anatania.

Jumatano asubuhi tulikuta blanketi limekunjwa. Alikuwa ameondoka kwa matatu ya kwanza kurudi Bomet, kabla ya ile siku ya pili ya daktari. Alimwambia msichana wa jirani tu, kwamba hapendi kuwabana watoto.

Ndugu zangu, tulikaa kwenye lile kochi muda mrefu. Sisi ambao huwahubiria watu habari ya ukarimu tulikuwa tumefanya nini?

Mnakumbuka yule mwanamke wa Shunemu. Alipomwona mtu wa Mungu akipita mara kwa mara, alimshauri mumewe wajenge chumba kidogo juu ya nyumba, waweke humo kitanda, meza, kiti na taa. Mwanamke yule naye alipanua nyumba. Aligharimia mbao na mafundi kama sisi. Lakini alipanua ili mtu apate mahali, na sisi tulipanua hata mtu akakosa mahali.

Tena nabii Isaya anawalilia ole wale wanaounganisha nyumba na nyumba, na shamba na shamba, mpaka wengine wasibaki na nafasi katika nchi. Katika nchi hii ya chai neno hilo si geni. Mashamba makubwa yalipopanuka, walikuwako walioambiwa wasogee. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliuhamisha ukoo wa Talai kutoka huku, ikaupeleka Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Tunapoyasimulia hayo huwa na uchungu, na ni haki yetu. Lakini je, ni nani tuliyemwambia asogee sisi wenyewe, katika nyumba zetu, kwa sauti ya upole?

Labda kwako si reli. Labda ni duka linalokula siku ya Jumapili, au ng'ombe wa tatu anayekula karo ya binti, au kazi ya kanisa inayokula jioni za mke wako. Kitu chenyewe si kibaya. Hata kuijenga reli ndogo si dhambi. Mungu alimjaza Bezaleli ustadi wa mikono, na furaha ya kijana wetu ilitoka kwake huyo huyo. Swali ni hili: kimepita juu ya kitanda cha nani?

Toba nayo ina gharama yake. Tulilibomoa lile daraja, na halikutoka zima. Kijana alilia kwa hasira, akasema, “Baba, ni wewe uliyetoboa ukuta.” Ilikuwa kweli. Tulimwomba msamaha yeye kwanza. Kisha tukakiunga kitanda, tukaziba tundu, tukaenda Bomet kumwomba mama msamaha na kumrudisha. Miadi ya daktari ilikuwa imepita, akangoja majuma sita mengine akiwa na ukungu machoni. Majuma hayo hatuwezi kumrudishia.

Siku moja tulipokuwa tumekaa, kijana alinyosha mkono akaonyesha kuta za sebule. Rafu nyembamba, upana wa sentimita 20, ingeweza kuzunguka juu ya vichwa vyetu. Tulipopima, tulipata mita 11, zaidi ya maradufu ya tulizozihitaji. Nafasi ilikuwapo tangu mwanzo, lakini hatukuitafuta, kwa maana chumba cha mtu asiyelalamika kilikuwa karibu zaidi.

Daraja jipya halijakwisha. Kitanda kiko mahali pake, na kando yake tumeweka meza, kiti na taa.

Na tuombe. Ee Bwana, ambaye ulipozaliwa hukupata nafasi katika nyumba ya wageni, tusamehe wale tuliowasogeza kimya kimya. Utuonyeshe mahali pao, utupe ujasiri wa kubomoa tulichokipenda, na kila tunachokipanua kiwe na mlango kwa ajili ya mwingine. Amina.