KUKATA RUFANI BILA YA WAKILI PALE OMBI LA KUFILISIKA LINAPOTUPWA

(Maelezo ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Mtu aliyeelemewa na madeni hata akaenda Mahkama Kuu kuomba atangazwe mufilisi, kwa kawaida huwa hana tena fedha za kumlipa wakili. Ombi lake likitupwa hujikuta katika hali ngumu zaidi ya ile aliyoanza nayo. Wadai wake wamekwishajua kwamba hana uwezo, mali yake ameiorodhesha mwenyewe mbele ya mahkama, na kinga aliyoitarajia hakuipata. Wengi hukata tamaa papo hapo kwa kudhani kwamba bila ya wakili hapana rufani. Dhana hiyo si sahihi. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inaitambua haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria, na Kanuni za Mahkama ya Rufani za mwaka 2009 zinamruhusu mtu kufika mwenyewe mbele ya majaji na kujisemea. Kinachowaangusha wasio na mawakili ni tarehe na karatasi, na hayo ndiyo makusudio ya maelezo haya.

Yafaa kwanza ifahamike ni mahkama gani inahusika. Mambo ya ufilisi hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano. Tanzania Bara inayo Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, yenye asili ya sheria ya Kiingereza ya mwaka 1914, na Zanzibar hufuata sheria zake yenyewe. Njia ya rufani, hata hivyo, ni moja. Mahkama ya Rufani ya Tanzania iliundwa mwaka 1979, baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na mahkama yake ya rufani kutoweka pamoja nayo. Mahkama hiyo husikiliza rufani kutoka Mahkama Kuu ya Tanzania na kutoka Mahkama Kuu ya Zanzibar, isipokuwa mambo yanayohusu tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia katika Mahkama za Kadhi. Shauri la kufilisika halimo katika hayo yaliyotengwa.

Kabla ya kuandika lolote, mwombaji hana budi kuisoma amri aliyopewa na kujua ombi lake limemalizwa kwa namna gani. Katika mazungumzo ya barazani kila shauri lililoshindwa husemwa "limetupwa", lakini katika sheria mna tofauti kubwa. Shauri lililotupwa ni lile lililosikilizwa na kuonekana halina msingi. Shauri lililoondolewa katika daftari ni lile lililokuwa na kasoro ya kisheria, kama vile hati isiyo kamili, na kwa hivyo halikusikilizwa kabisa. Tofauti hii ilielezwa mwaka 1959 na Mahkama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo, na hadi leo majaji huirejea. Aliyeondolewa ombi lake kwa kasoro aghlabu huweza kuirekebisha kasoro ile na kuanza upya, naye akikimbilia rufani hupoteza miezi, pengine miaka, kwa jambo ambalo lingerekebishwa katika masjala. Vivyo hivyo, ombi likitupwa kwa sababu mwombaji hakuhudhuria, pa kuanzia ni mahkama ile ile, kwa maombi ya kurejeshewa shauri pamoja na hati ya kiapo inayoeleza kwa nini hakufika. Aliyesikilizwa na kukataliwa, kwa mfano kwa kuambiwa kwamba hakuthibitisha kushindwa kulipa, kwamba ameficha mali au kwamba ombi lake ni hila ya kukwepa deni, ndiye hasa anayestahili kufikiria rufani.

Hapo ndipo hesabu ya siku inapoanza, nayo haimsubiri mtu. Chukuliwe mfano wa mwenye duka la nguo ambaye ombi lake limetupwa na Mahkama Kuu tarehe 3 Machi. Anazo siku 30 za kuwasilisha taarifa ya kukusudia kukata rufani, yaani mwisho wake ni tarehe 2 Aprili. Taarifa hiyo ni karatasi fupi isiyohitaji hoja yoyote. Inataja shauri, uamuzi unaolalamikiwa, na iwapo rufani ni ya uamuzi wote au sehemu yake. Nayo hupelekwa kwa Mrajis wa Mahkama Kuu iliyotoa uamuzi. Wapo wanaoipeleka moja kwa moja Mahkama ya Rufani, wakarudishwa, na siku zikaendelea kuhesabiwa. Ikiwa mwenye duka ameiwasilisha tarehe 12 Machi, basi nakala yake iwe imewafikia wote wanaoguswa na rufani, yaani wadai wake, ndani ya siku 14, mwisho tarehe 26 Machi. Aliyepokea atie saini na tarehe katika nakala ya mrufani, kwani wakati wa ubishi neno la "nilimpelekea" halitoshi.

Karatasi ya pili ni barua ya kuomba nakala za mwenendo wa shauri, uamuzi na amri. Katika uzoefu wa mashauri, barua hii ndogo imeua rufani nyingi kuliko udhaifu wa hoja. Kwa kawaida rufani yenyewe hutakiwa kufunguliwa ndani ya siku 60 tangu taarifa ilipowasilishwa. Kwa mwenye duka, hiyo ni tarehe 11 Mei. Mara nyingi nakala za mwenendo huwa hazijawa tayari kwa muda huo. Kanuni ya 90 inaziondoa katika hesabu siku ambazo Mrajis alizitumia kutayarisha nakala, na Mrajis hutoa cheti cha kuthibitisha siku hizo. Lakini nafuu hiyo ina masharti: ombi la nakala liwe la maandishi, liwe limetolewa ndani ya siku 30 za uamuzi, na nakala yake iwe imepelekwa kwa mjibu rufani. Aliyekwenda masjala na kuomba kwa mdomo, hata akiahidiwa na karani mwema, hana cheti. Aliyeandika barua lakini akamsahau mdai wake naye hana.

Tangu marekebisho ya mwaka 2019 limeongezeka jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mrajis anatakiwa nakala ziwe tayari ndani ya siku 90 tangu zilipoombwa. Siku hizo zikipita bila ya mrufani kuitwa, hairuhusiwi akae nyumbani akisubiri: ndani ya siku 14 zinazofuata achukue hatua ya kuzifuatia. Mwenye duka aliyeandika barua yake tarehe 10 Machi atahesabu hadi tarehe 8 Juni, kisha afike masjala au aandike barua ya kukumbusha kabla ya kupita tarehe 22 Juni, na abaki na ushahidi wa kufanya hivyo. Kwa mkaazi wa Pemba au wa visiwa vidogo, ambaye safari yenyewe ina gharama, barua yenye muhuri wa kupokelewa ina thamani kubwa kuliko safari tatu zisizoacha alama. Cheti nacho kikitolewa kisomwe tarehe zake kabla ya kuondoka dirishani, maana cheti chenye tarehe zilizokosewa hakimsaidii aliyepewa.

Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda chini ya Kanuni ya 10, kwa kuonesha sababu ya msingi na kueleza kila siku ya ucheleweshaji wake. Umaskini peke yake na kutojua sheria kwa kawaida havikubaliwi kuwa sababu. Aidha, wapo wanaotegemea Ibara ya 107A ya Katiba, inayozitaka mahkama kutenda haki bila ya kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi, pamoja na kanuni ya lengo kuu iliyoingizwa katika sheria mwaka 2018. Mahkama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba maneno hayo hayafuti muda uliowekwa na sheria.

Sababu za rufani zenyewe ziandikwe kwa namba, kwa ufupi, bila ya hadithi. Kila sababu ioneshe kosa moja la jaji: kwamba alikataa ushahidi fulani bila ya kueleza, kwamba alitegemea jambo ambalo mwombaji hakupewa nafasi ya kulijibu, au kwamba alitumia kipimo ambacho sheria haikiweki. Kusema kwamba wadai ni wakatili, au kwamba mrufani ana familia kubwa, hata ikiwa kweli, si sababu ya rufani. Hati hiyo pamoja na kumbukumbu za rufani hupelekwa kwa mjibu rufani ndani ya siku saba baada ya kufunguliwa.

Sasa lipo jambo ambalo ni zito kuliko yote yaliyotangulia, na linalohusu paa la nyumba ya mtu. Mdaiwa huamini kwamba akishakata rufani wadai wamefungwa mikono. Sivyo. Ulinzi wa mufilisi huja na amri ya mahkama inayoiweka mali yake chini ya usimamizi, ambapo mdai wa kawaida hawezi tena kumfuata bila ya idhini. Ombi likitupwa, amri hiyo haipo, na rufani haiiumbi. Hata maombi ya kusimamisha utekelezaji chini ya Kanuni ya 11 hayafui dafu hapa, kwa kuwa amri ya kutupa ombi haina cha kutekelezwa, haikumwamuru mtu kulipa wala kuhama. Hukumu inayoitishia nyumba ni ile aliyoipata mdai katika shauri lake la deni, ambalo ni shauri jingine kabisa. Kwa hiyo mdaiwa hulazimika kupigana katika sehemu mbili: rufani yake upande mmoja, na upande wa pili mahkama inayokazia hukumu ya deni, ambako anaweza kuomba kulipa kwa awamu au kupinga kukamatwa kwa mali isiyoruhusiwa kukamatwa. Kama hukumu ya deni nayo ameikatia rufani Mahkama ya Rufani, hapo Kanuni ya 11 inafaa, ila maombi yawasilishwe ndani ya siku 14 tangu alipopata taarifa ya utekelezaji, na awe tayari kutoa dhamana. Mwenye rehani ni habari nyingine: haki yake juu ya nyumba iliyowekwa rehani hubaki hata kama ombi la kufilisika lingekubaliwa, na ni vyema mdaiwa alijue hilo kabla ya kutumia fedha zake za mwisho katika rufani.

Kuhusu gharama, kanuni zinamwezesha asiye na uwezo kuomba asamehewe ada na dhamana ya gharama, mradi rufani yake ionekane kuwa na matumaini ya kufaulu. Wapo pia wa kumsaidia kuandika. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwa kikitoa ushauri tangu mwaka 1992, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar ya mwaka 2018 imewatambua wasaidizi wa kisheria katika jamii. Msaidizi wa kisheria anaweza kumwelekeza mwananchi na kumtayarishia karatasi, ila hawezi kusimama mahkamani badala yake.

Mrufani aliyejiwakilisha aiarifu masjala kwa maandishi kila anapobadili anwani au namba ya simu, kwa sababu wito hupelekwa kule alikokuandika mwanzo. Asipofika siku ya kusikilizwa, rufani inaweza kutupwa, na atakuwa na siku 30 tu za kuomba irejeshwe.