Magunia Hamsini ya Dagaa

Leo ni hesabu, lakini usizime redio.

Tuseme una dagaa wakavu bandarini Kabwe, Ziwa Tanganyika, na soko lako ni Sumbawanga. Mwenye lori la Fuso anataka shilingi 300,000 kwa gari zima, na wapakiaji 1,000 kwa kila gunia. Lori la kuchangia linatoza 7,000 kwa gunia, kupakia humo humo. Uchukue lipi?

Magunia yaite x. Fuso ni 300,000 + 1,000x. La kuchangia ni 7,000x. Zilinganishe gharama hizo: ondoa 1,000x kila upande, inabaki 300,000 = 6,000x. Gawanya: x ni 50. Kwa magunia 50 gharama zinalingana, 350,000. Yakizidi hapo, Fuso ni nafuu: magunia 70 ni 370,000, lori la kuchangia ni 490,000. Yakipungua, achana na Fuso, hata dereva akiwa shemeji yako.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi, 15 Mei hadi 15 Agosti. Mzigo ukiwa haba kwa sababu kama hiyo, x ndiyo ya kutazama kwanza.

Mzazi mwenye mwanafunzi wa sekondari nyumbani, mkabidhi bei halisi za wiki hii akukokotolee kabla hujapatana na dereva.