Ulimi wa Jay Silverheels

Mwaka 1933, katika kituo cha redio cha WXYZ mjini Detroit, Marekani, ulianza kurushwa mchezo wa kuigiza ulioitwa The Lone Ranger, unaomhusu mpanda farasi aliyefunika uso wake kwa barakoa, akizunguka katika nyika za magharibi kuwatetea wanyonge. Na haukupita muda mrefu watungaji wakagundua upungufu ambao sisi watu wa redio tunaujua barabara, kwamba mtu aliye peke yake nyikani hana wa kusema naye, na asiposema, msikilizaji hana analosikia. Ndipo walipomwumbia mwandani, mmoja wa wale waliozoewa kuitwa Wahindi Wekundu, wakampa jina la Tonto, neno ambalo kwa Kihispania maana yake ni mjinga.

Basi zingatieni ajabu hii: mtu aliyeletwa kwa ajili ya mazungumzo tu ndiye aliyenyimwa lugha ya kuzungumzia. Alitiwa kinywani Kiingereza kilichokatwa viungo, mithili ya mtu wa kwetu anayesemeshwa "mimi kwenda mji, mimi ona mtu mbaya", na katika redio maneno hayo yalitamkwa na Mzungu, John Todd.

Mchezo ulipohamia katika televisheni mwaka 1949, nafasi hiyo akapewa mwenyeji wa asili hasa, naye ni Jay Silverheels, Mmohawk aliyezaliwa tarehe 26 Mei 1912 katika ardhi ya wenyeji iitwayo Mataifa Sita, kando ya Mto Grand, jimboni Ontario, Kanada, akiitwa Harold Smith. Baba yake alikuwa kapteni katika jeshi la Kanada, aliyejeruhiwa na kutunukiwa nishani katika Vita Vikuu vya Kwanza. Kijana mwenyewe alisifika katika lacrosse, mchezo wa jadi wa watu wake unaochezwa kwa fimbo yenye wavu kichwani, na ni huko uwanjani alikopata lakabu ya Visigino vya Fedha, ambayo ndiyo maana ya Silverheels, kwa sababu ya mbio zake. Alipigana ndondi pia. Timu yake ya lacrosse ilipofika Los Angeles, mchekeshaji Joe E. Brown alimwona akamshawishi aingie katika sinema, naye akaingia kwa mlango wa uani, akianguka kutoka farasini na kufa kwa risasi katika picha ambazo aghalabu hazikutaja hata jina lake.

Katika The Lone Ranger alidumu hadi mwaka 1957, akaonekana katika vipindi 217, na pia katika filamu mbili za sinema. Mtazameni hapo anapotumwa mjini kusikiliza habari, kazi aliyopewa mara nyingi na ambayo mara nyingi ilimrudisha amepigwa. Anashuka polepole kutoka kwa Scout, farasi wake wa mabaka, anasimama wima, macho yake yanatangulia kufika mlangoni kabla ya miguu, na uso umetulia kama maji ya mtungi. Kisha anafungua kinywa, na maneno yaliyovunjika yanatoka kwa sauti nzito, iliyopimwa, isiyo na unyonge hata chembe. Nawe mtazamaji unahisi wazi kwamba mwili unasema jambo moja na karatasi ya mtungaji inasema jingine. Mtu huyu, nje ya kamera, alikuwa na Kiingereza fasaha. Heba ile ilikuwa yake mwenyewe, haikuandikwa na mtu.

Wapo waliomlaumu, hata miongoni mwa watu wa asili yake, kwa kukubali kusema vile, na uchungu wao naufahamu. Lakini siwezi kuungana nao, maana katika zama zile watu wa makabila yale, hata walipokuwa ndio kiini cha hadithi, mara nyingi waliigizwa na Wazungu waliopakwa rangi usoni. Naye aliona ni heri kusimama pale kwa uso wake halisi, hata kwa ulimi wa kuazima.

Na hakuridhika na kusimama peke yake. Katika miaka ya 1960 alishirikiana na wenzake kuanzisha huko Los Angeles darasa la waigizaji wenyeji wa asili, ili vijana waje wajifunze kusimama jukwaani, kutoa sauti, na kutamka sentensi iliyokamilika tangu mwanzo hata mwisho wake. Kati ya yote aliyoyafanya, hili ndilo ninalolienzi zaidi, kwa kuwa aliyenyimwa ulimi alikwenda kuwagawia wengine.

Mwaka 1979 jina lake liliwekwa katika nyota ya njia ya wasanii huko Hollywood. Tarehe 5 Machi 1980 alifariki dunia, na majivu yake yakarudishwa Mataifa Sita, kando ya mto ule ule, kwa watu waliomjua tangu utotoni kwa usemi wake mwenyewe.