Kuhama Nyumba na Haki Tunazoziacha Nyuma

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu Waislamu mliohudhuria msikitini, na nyinyi mnaotusikiliza majumbani mwenu, nakuusieni nyinyi na ninaiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Mazungumzo yetu ya Ijumaa hii ni juu ya kuhama nyumba. Huenda baadhi yenu mkaona kuwa hilo si jambo la mimbari, ni jambo la kamba na magunia. Lakini mwenye kukaa msikitini baada ya Alasiri akasikiliza mashtaka ya watu hukuta kwamba magomvi mengi baina ya majirani, na baina ya wapangaji na wenye nyumba, yalizaliwa siku ya kuhama au juma moja kabla yake. Na watu wanahama kila siku. Mwalimu hupewa uhamisho, kijana huoa akatafuta chumba chake, mzee hufuata wanawe mjini. Serikali ya Tanzania ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, jambo lililokuwa limekwisha kuamuliwa tangu mwaka 1973, maelfu ya watumishi walilazimika kufunga majumba yao. Basi yafaa tujue dini yetu inasema nini juu ya siku hiyo.

Sisi Waislamu hesabu ya miaka yetu yenyewe imeanzia katika kuhama. Mtume (S.A.W.) alihama Makka kwenda Madina mwaka 622, safari ya zaidi ya kilomita 400 jangwani, na kila mtoto wa chuoni anakijua kisa cha pango la Thaur. Leo nataka tukitazame kisa hicho kwa upande ambao hatuuzoei, upande wa nyumba na watu wa nyumbani.

Tazameni kwanza nani aliyekuwa wa mwisho kutoka. Makureshi waliokuwa wakimpinga Mtume (S.A.W.) ndio hao hao waliokuwa wakimwekea mali zao, kwa kuwa hawakumjua mtu mwaminifu kuliko yeye. Usiku ule waliizunguka nyumba yake wakitaka kumwua. Angeliweza kusema kwamba watu hawa wamekwisha kuivunja haki yao, na mali zao ni fidia ya tuliyoyaacha. Hakusema hivyo. Alimwacha Sayyidna Ali (R.A.), kijana wa nyumbani kwake, akakaa Makka siku tatu akimrudishia kila mtu amana yake, ndipo naye akaondoka kuwafuata. Roho ya kijana mpenzi ilitiwa katika hatari kwa ajili ya mali za maadui. Hiyo ndiyo thamani ya amana siku ya kuhama.

Sasa tujiulize nyumba zetu zina amana ngapi. Kabla ya kufunga gunia la kwanza, mume na mke wakae pamoja, wachukue karatasi, waandike. Kuna sufuria kubwa iliyoazimwa kwa jirani siku ya khitima. Kuna majamvi ya msikiti, na kinu cha bibi wa nyumba ya tatu ambacho kimekaa kwetu hata watoto wakadhani ni chetu. Kuna kitabu cha mtu, kilichotiwa jina la mwenyewe ukurasa wa mbele, nacho kimo katika shubaka letu mwaka wa nne. Kuna nguo ya mteja, ikiwa mmoja wetu ni fundi cherehani. Na kuna deni la dukani, lile la unga na sukari, ambalo mwenye duka hulitia katika daftari lake kwa kuwa anatuona tukipita asubuhi na jioni. Mwenye duka yule hakutuamini kwa sura zetu. Alituamini kwa kuwa tunakaa mtaa ule. Tukihama bila ya kumlipa, au bila ya kwenda kwake kumwambia nitakulipa siku fulani na nyumba yangu ni mahali fulani, tumeichukua mali yake katika gari la mizigo pamoja na vitanda vyetu.

Akina mama, liko jambo moja linalowahusu nyinyi zaidi. Nalo ni upatu. Mwanamke ameingia katika upatu na wenziwe kumi, akapokea zamu yake mwezi wa pili, na mwezi wa tano akahama. Wenziwe kadhaa bado wanangoja. Akinyamaza, kila mmoja katika hao amedhulumiwa, na huenda mmoja wao alikuwa ameitegemea fedha ile kwa ada ya shule au kwa dawa. Kuhama hakukati ahadi. Ama alipe yote yaliyobaki kwa mara moja, ama aache mtu wa kumlipia anayekubaliwa na wenziwe, na alifanye hilo uso kwa uso kabla ya siku ya safari.

Wako pia wanaohama usiku. Hamali huletwa saa sita za usiku, taa zikazimwa, na mwenye nyumba akaja asubuhi kwa kodi ya miezi mitatu akakuta mlango u wazi na kuta tupu. Mtu wa namna hii asidhani kwamba deni limebaki katika nyumba ile ya zamani. Limehama naye. Asiye na uwezo amwendee mwenye nyumba mchana, amweleze hali yake, aombe muda. Na mwenye nyumba naye akumbuke kwamba Mwenyezi Mungu ametuamrisha kumpa muda mwenye dhiki. Na sheria ya nyumba ya kupanga ni kuirudisha kama ilivyopokewa. Wengine hung'oa hata vitasa na swichi za umeme, wakisema nilinunua mimi. Ikiwa ulinunua kweli, semezana na mwenyewe kwanza.

Nirudi Makka. Sayyidna Abubakar (R.A.) hakukurupuka. Alinunua ngamia wawili, akawalisha majani muda wa miezi minne, akingoja idhini. Siku ilipofika alimpa Mtume (S.A.W.) mmoja wao, na Mtume akakataa kumchukua ila kwa thamani yake. Kila mtu wa nyumba ile alikuwa na kazi. Abdullahi, mwana wa Abubakar, alikuwa akikaa mjini mchana akisikiliza habari, na usiku akizipeleka pangoni. Amir bin Fuhaira alipitisha mbuzi jioni ili wapate maziwa. Bibi Asmaa alitayarisha chakula, akakosa kamba ya kufungia, akapasua mshipi wake vipande viwili. Hata kiongozi wa njia alikuwa mtu wa kuajiriwa, Abdullahi bin Uraiqit, ambaye hakuwa Mwislamu, lakini alikuwa mjuzi wa njia na mwaminifu. Nasema haya kwa sababu wengi wetu tunapohama, baba hutoa amri moja, kisha akaenda zake barazani, na mama akafunga nyumba nzima peke yake huku mtoto yu mgongoni. Kisha chungu kikivunjika, yeye ndiye wa kulaumiwa.

Katika nyumba hiyo ya Abubakar alikuwamo mzee, baba yake, Abu Quhafa. Alikuwa amepofuka macho, na wakati ule hakuwa amesilimu. Mwanawe aliondoka na fedha zake zote. Mzee akaja akapapasa, akasema: nadhani amewatieni msiba wa mali kama alivyowatieni msiba wa kuondoka kwake. Bibi Asmaa akachukua mawe, akayaweka katika tundu la ukuta mlimokuwa mkiwekwa fedha, akayafunika kwa nguo, akaushika mkono wa babu yake akauweka juu yake. Mzee akatulia. Bibi Asmaa mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuwa ameachiwa kitu, ila alitaka kumtuliza mzee yule.

Sikuhadithieni kisa hiki ili mjifunze kuwadanganya wazee. Nakuhadithieni ili mwone kwamba katikati ya hatari ile yuko mtu aliyeukumbuka moyo wa kizee kipofu. Mzee aliyekaa nyumba moja miaka arubaini anaijua kwa nyayo zake. Anajua ngazi ngapi za kwenda kisimani na ukuta gani wa kushika usiku akienda kutawadha. Tukimhamisha tunamnyang'anya macho yake mara ya pili. Basi na aambiwe mapema, aulizwe, hata kama shauri limekwisha kupita. Kitanda chake kiwe cha kwanza kufunguliwa katika nyumba mpya, na mtu amshike mkono amzungushe mara tatu, mara nne, mpaka ajue choo kiko wapi na kibla kiko upande gani.

Na hapa nataja mas'ala ya sheria ambayo watu huyapuuza. Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi, au mpaka ajifungue ikiwa ana mimba, katika nyumba aliyokuwa akikaa na mumewe. Haijuzu kumhamisha ila kwa dharura, kama khofu juu ya nafsi yake au nyumba kutaka kuanguka. Jamaa wa marehemu wanaokuja siku ya arubaini na mafundi wa kupima, na mjane akaambiwa akusanye vyombo vyake, wanafanya dhambi mbili kwa siku moja: wanaivunja eda, na wanaigusa mirathi kabla haijagawiwa.

Juu ya mirathi, tazameni Mtume (S.A.W.) alivyofanya alipofika Madina. Ngamia wake alipiga magoti katika uwanja wa kuanikia tende uliokuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhail. Walitaka kuutoa bure kwa msikiti. Hakukubali mpaka thamani yake ilipolipwa. Basi mwenye kutafuta nyumba ya kupanga au ya kununua, asiulize tu juu ya bei, maji na umeme. Aulize nyumba hii ni ya nani. Akisikia kwamba baba alikufa, na kaka mkubwa ndiye anayepokea kodi, na wadogo zake na dada zake hawajui kitu, ajue kwamba atakuwa akisalia juu ya haki ya watu. Nyumba ya namna hii huwa rahisi. Na urahisi wake una sababu.

Siku ya kuchukua mizigo yenyewe sina mengi ya kusema, maana mnaijua kuliko mimi. Misahafu na juzuu zifungwe peke yake katika nguo safi, zipandishwe juu ya kila kitu; si vizuri kukuta msahafu chini ya mbuzi ya nazi. Kurasa zilizochakaa zisitupwe jaani. Zizikwe mahali safi au zichomwe. Bei ya gari na ya wachukuzi ipatanwe kabla ya kunyanyua, na wakimaliza walipwe pale pale, wala wasiambiwe njooni kesho. Na nyumba tunayoiacha ifagiliwe. Anayekuja baada yetu ni jirani yetu pia, ingawa hatujamwona.

Wako wasiohama mwezi wa Safar, na wako wanaokwenda kwa mpiga bao wakaambiwa kwamba nyumba mpya ni nzito, wachinje mbuzi mweusi mlangoni kwa ajili ya wenyewe. Mtume (S.A.W.) ameikanusha nuksi ya mwezi wa Safar. Na kumchinjia jini ni shirki, hata kama nyama yake italiwa na masikini. Anayetaka kuchinja, fikihi yetu inaijua karamu ya nyumba mpya nayo huitwa wakira. Achinje kwa jina la Mwenyezi Mungu, aite majirani wapya, ale nao. Hapo atakuwa amepata shukrani na kujuana kwa siku moja.

Kwa sisi tunaopokea wageni katika mtaa, tumwangalie Abu Ayub Al-Ansari (R.A.). Mtume (S.A.W.) alikaa nyumbani kwake yapata miezi saba, akachagua chini kwa kuwa wageni wake walikuwa wengi, na Abu Ayub na mkewe wakawa ghorofani. Usiku mmoja mtungi wa maji ukavunjika. Walikuwa na blanketi moja tu la kujifunika. Wakalitupa juu ya maji wakakausha kwa haraka, yasije yakamdondokea aliye chini. Sisi jirani mpya akiingia, je, tunampelekea hata kopo la maji, au tunachungulia dirishani kuhesabu viti vyake?

Na mwenye kuhama akiona moyo wake mzito baada ya siku nyingi, asijione kuwa imani yake ni dhaifu. Waliohama na Mtume (S.A.W.) walipatwa na homa Madina. Abubakar aliugua, na Bilali aliugua. Bilali, aliyelazwa juu ya mchanga wa moto katika mji ule wa Makka na jiwe kifuani, alipopata nafuu ya homa alikuwa akiyatamani mabonde yake na majani yake. Mtume (S.A.W.) hakumkemea. Alimwomba Mwenyezi Mungu awapendezeshe Madina kama walivyoipenda Makka, au zaidi, na aifanye kuwa mji wa afya. Basi mkeo akilia, au mtoto akikataa kula kwa kuwa rafiki zake wamebaki kule, mwombeeni dua hiyo, na Ijumaa moja mrudisheni akawaone.

Ewe Mola wetu, wape makazi ya kheri wote wanaohama juma hili, walio mjini na walio shamba. Wasahilishie wenye madeni wapate kuyalipa kabla ya kuondoka, wahifadhie wazee wao na watoto wao njiani, na utughufirie sisi na wazazi wetu na Waislamu wote. Amin.