Maua ya Ua Wetu na Nasaba Yake



Kila alfajiri twachuma katika ua wetu maua ya ibada. Jioni majirani hubisha hodi, wakaomba asumini na rehani za kutungia vikuba. Mimea ni ile ile.

Asumini sisi Wagujarati twaiita mogra. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, aliiweka katika jenasi moja na parijat, akaiita Nyctanthes sambac. Mwaka 1789 Aiton wa Uingereza akaihamisha, ikawa Jasminum sambac hadi leo. Hata hivyo, asumini na parijat zimo katika familia moja, pamoja na mzeituni.

Mrehani na tulsi ni ndugu wa karibu zaidi: zote ni za jenasi Ocimum. Zipapaseni, mtaona shina la pembe nne na majani yaliyoota mawili mawili, yakitazamana. Lakini harufu peke yake si ushahidi wa udugu. Mlangilangi ni jamaa ya mstafeli na mtopetope. Mkarafuu ni jamaa ya mpera na mzambarau. Wataalamu walitazama kwanza umbile la ua, si manukato yake.

Twasema haya kwa sababu liko pendekezo la kumwaga zege uani ili pawe maegesho ya magari. Haja hiyo ni ya kweli. Siku za sikukuu magari yetu huziba njia ya majirani. Sisi wafanyabiashara hatudharau nafasi ya gari. Lakini tulsi ya chunguni yahamishika. Mlangilangi uliokomaa hauhamishiki. Na asumini hii kwa kawaida haizai mbegu, huenezwa kwa vipandikizi. Maana yake, kila kichaka cha asumini mtaani kilitoka mkononi mwa mtu aliyempa mwenzake. Tukikata chetu, tumekata mkono huo.

Kwa hiyo twaiomba kamati: maegesho yawe upande wa lango, ua ubaki. Nasi tutagharimia vibao vyenye majina ya Kigujarati, Kiswahili na ya kitaalamu, watoto wetu na wa majirani wayasome pamoja. Na yeyote atakaye kipandikizi, aje msimu wa mvua. Mlango u wazi.